Muuza Mayai Naye ni Shabiki

Uwe Machame unawakatia ng'ombe majani, uwe Sanya Juu unapakia viazi, au uwe hapa hapa Bomang'ombe pale njiapanda unasubiri Hiace ya mwisho ya Moshi, karibu tuzungumze. Nimeombwa nieleze kazi yangu. Kazi yangu ni kuuza chakula uwanjani: mayai ya kuchemsha, karanga, na kahawa miezi ya baridi. Uwanja wenyewe ni Ushirika, Moshi mjini, na timu ninayoifuata ni Polisi Tanzania.

Nianze na jambo linaloniuma. Wengi wakimwona mtu na ndoo ya mayai akipita mbele yao mpira ukichezwa, wanadhani huyu kaja kutafuta hela tu, mechi haimhusu. Utasikia, "Mama, sogea, unatuziba." Nawaelewa, wamelipa kiingilio chao. Lakini nakuambia, msikilizaji, pale uwanjani ni vigumu kumpata aliyefungamana na timu kuliko muuza chakula. Timu ikipoteza, shabiki anaondoka na huzuni. Mimi naondoka na huzuni hiyo hiyo na ndoo ya mayai juu yake, maana mtu aliyetoka kufungwa hanunui kitu. Anatafuta gari arudi kwake. Timu ikishinda, watu hawataki kuondoka. Wanasimama kwa vikundi nje ya lango, wanarudia lile bao mara kumi, na mtu anayesimulia bao anasikia njaa. Kwa hiyo nikiomba timu yangu ishinde, naomba kwa moyo na kwa mfuko kwa pamoja, na sioni aibu kusema hivyo.

Siku ya mechi inaanza mapema. Mpira ni saa kumi jioni, lakini jiko linawaka alfajiri. Yai la kuuza uwanjani halichemshwi ovyo. Ukilitumbukiza kwenye maji yanayotokota linapasuka, na yai lililopasuka hakuna anayelitaka. Linawekwa kwenye maji ya baridi, unatia chumvi, kisha unalipandishia moto taratibu. Likishaiva unalimwagia maji baridi ili ganda liachie vizuri, kwa sababu mteja wa uwanjani hana subira. Anataka yai limenywe kwa mizunguko miwili ya kidole gumba, lipasuliwe katikati, lijazwe kachumbari na pilipili, akabidhiwe kwenye kipande cha karatasi, huku macho yake hayajatoka kwenye mpira. Nyanya na vitunguu nanunua hapa hapa Boma, vinavyopanda kutoka Rundugai na mashamba ya umwagiliaji kule chini. Nakata kachumbari mwisho kabisa, dakika chache kabla ya kutoka, maana kachumbari iliyokatwa asubuhi ikifika jioni imeshachuja maji na kuchacha, na mteja ukimlisha kitu kilichochacha umempoteza kwa msimu mzima.

Halafu safari. Ndoo nailaza mapajani, sikubali iwekwe kwenye buti. Kondakta anataka nauli ya ndoo, tunazungumza, tunaelewana. Tunavuka daraja la Kikafu, tunapita Mailisita, na kama hali ya hewa imefunguka mlima unakuwa mkono wa kushoto njia nzima, Kibo yote na theluji yake. Ukiuona mweupe namna hiyo saa sita mchana, ujue jioni itakuwa kavu na watu watakuja. Ukifunikwa na wingu zito la Juni au Julai, napakia chupa za kahawa zaidi na trei moja ya mayai inabaki nyumbani.

Hesabu yenyewe ni ndogo, lakini ni hesabu. Trei moja ni mayai 30. Tuseme yai nimelipata kwa shilingi 300 na naliuza 500. Kwa trei napata 6,000 juu ya mtaji, na humo humo kuna mkaa, nauli ya kwenda na kurudi, nyanya, pilipili, chumvi, na kiingilio changu, kwa sababu mara nyingi mlangoni nami nalipa kama shabiki mwingine. Ukitaka kubaki na kitu cha maana lazima uuze trei kadhaa, na muda wa kuuza ni mfupi mno. Hapo ndipo nataka tukae kidogo.

Mpira wa miguu ni mchezo mgumu kwa muuza chakula. Dakika 45 za kwanza hakuna anayekutaka. Mapumziko ni dakika 15, na katika dakika hizo uwanja mzima unanyoosha mkono kwa wakati mmoja, mwenye mayai, mwenye mihogo, mwenye mishikaki na mwenye maji wote wanaitwa pamoja. Kisha dakika nyingine 45 za kupitwa. Kinachobaki ni kabla ya mechi na baada ya filimbi ya mwisho, na baada ya filimbi, kama nilivyosema, yote yanategemea matokeo.

Sasa linganisha na wenzetu wa Marekani wanaouza kwenye viwanja vya besiboli. Huo mchezo huku kwetu hauna mizizi mirefu, ingawa Wajapani wameuleta, na uwanja wake upo Dar es Salaam, pale sekondari ya Azania. Besiboli haina saa ya kumaliza mechi. Inachezwa kwa zamu tisa kwa kila timu, na kila timu zinapobadilishana zamu kuna kituo kidogo, watu wanajinyoosha, wanamwita muuzaji. Ni zaidi ya saa mbili na nusu za kukaa, kuzungumza na kutafuna. Muuzaji anapanda na kushuka ngazi za jukwaani na boksi limefungwa shingoni kwa mkanda, karanga zake anazirusha kwa mteja aliyekaa katikati ya mstari, na kwa miaka mingi hela ilipitishwa mkono kwa mkono mpaka imfikie. Biashara hiyo ni ya zamani. Mwingereza mmoja aliyehamia Ohio, Harry Stevens, alianza na karatasi za kuandikia matokeo miaka ya 1880, akaingia kwenye vyakula, mwisho akawa na haki ya kuuza kwenye viwanja vikubwa vya New York. Leo wauzaji wa majukwaani wanalipwa kwa kamisheni, wengi wana chama chao cha wafanyakazi, na katika viwanja kadhaa mwenye miaka mingi kazini ndiye anayechagua kwanza bidhaa ya kubeba siku hiyo.

Lakini lililonishangaza kuliko yote ni idadi. Timu kubwa ya besiboli kule inacheza mechi 162 kwa msimu, na 81 ni za nyumbani. Siku 81 za soko! Kwangu mimi, Polisi Tanzania ilipopanda Ligi Kuu mwaka 2019, ligi ilikuwa na timu 20, kwa hiyo mechi za nyumbani zilikuwa 19. Msimu uliofuata timu zikapunguzwa kuwa 18, nikabaki na siku 17. Kuanzia 2021/22 zikawa 16, mechi 15 za nyumbani. Wachambuzi walisema ligi yenye timu chache itakuwa bora zaidi, na huenda walikuwa sahihi. Ila kwa muuza chakula kila timu iliyoondolewa ilikuwa siku moja ya kazi imefutwa, na hakuna aliyelitaja hilo popote.

Watu wananiuliza, mama, unaufuataje mpira na wewe unamenya mayai? Naufuata kwa masikio. Mgongo wangu unaelekea uwanjani, uso unaelekea kwa mteja, na kwa sauti ya jukwaa najua kila kitu. Mpira uliogonga mwamba una mguno wake, mrefu, watu wanashika vichwa. Shuti lililokwenda nje lina mguno mwingine, mfupi, wa hasira. Kabla ya penalti mzunguko mzima unanyamaza mpaka unasikia sarafu za muuza pipi zikigongana mkononi mwake na vikombe vya muuza kahawa upande wa pili. Kipa wetu akidaka, makofi yanaanza nyuma ya goli na kuja huku kama mvua inayotembea. Na nausoma mpira kwenye nyuso. Mzee aliyeshika yai akiacha kutafuna, najua winga wetu ametoroka pembeni. Kijana akinirudishia chenji bila kuihesabu, ujue hatari iko kwenye goli letu.

Mabao niliyoyaona kwa macho yangu ni machache. Mengi nimesimuliwa palepale na wateja, mdomo umejaa, mikono inachora hewani jinsi beki alivyopigwa chenga. Na mwenzangu wa kahawa alikuwa na kiredio kidogo mfukoni na waya sikioni. Watu elfu kadhaa wanauangalia mchezo, sisi wawili tunausikiliza tukiwa ndani ya uwanja huo huo. Ndiyo sababu naithamini redio, na ndiyo sababu nilipoitwa hapa studio sikusita.

Mwaka 2019 ulikuwa mwaka wetu. Kilimanjaro ilikuwa imekaa muda mrefu ikizisikia timu za Ligi Kuu zikipita barabarani kwenda Arusha. Panone ilikuwa imejaribu katika daraja la kwanza, tukaishangilia sana, haikupanda. Polisi Tanzania ikapanda pamoja na Namungo ya Ruangwa, ikaweka kambi Moshi, na ghafla wauzaji tukawa na ratiba kama watu wa ofisini. Tarehe 3 Oktoba mwaka huo timu ikaenda Dar es Salaam kucheza na Yanga uwanja wa Uhuru. Huku Boma vibanda umiza vilijaa mpaka watu wakasimama madirishani. Ditram Nchimbi akafunga la kwanza, akafunga la pili, akafunga la tatu. Peke yake! Mechi ikaisha 3-3. Nilikuwa nje ya kibanda na ndoo yangu, na nakumbuka vijana wa bodaboda wakinikumbatia mimi na ndoo kwa pamoja, kachumbari ikamwagika, sikujali. Majuma mawili baadaye huyo huyo Nchimbi akaifungia Taifa Stars kule Omdurman dhidi ya Sudan, tukashinda 2-1, na Tanzania ikafuzu michuano ya CHAN. Mchezaji wa timu ya Moshi! Kisha dirisha dogo la usajili likafunguliwa, Yanga wakamchukua. Hiyo ndiyo hatima ya timu ndogo, unalea kijana, anaondoka, na wewe unabaki unamwombea mema.

Machi 17, 2020 serikali ikasimamisha ligi kwa ajili ya korona, na ikarudi Juni 13. Karibu miezi mitatu. Sina haja ya kueleza sana. Aliyekuwa anaishi kwa mkusanyiko wa watu anajua miezi ile ilikuwaje. Nilirudi kuuza pale stendi, abiria wakawa wanaogopa hata kupokea chenji.

Kuna siku mbili katika msimu wa Ligi Kuu ambazo kila muuzaji anazihesabu: Simba wakija na Yanga wakija. Siku hizo Moshi inapata wageni kutoka Rombo, Same, Arusha, Babati. Barabara inageuka nyekundu au kijani na njano. Hapo trei hazihesabiki, unauza mpaka chumvi inaisha. Lakini kwa shabiki wa kweli wa timu ya nyumbani hizo ni siku ngumu za moyo. Upande wa mzunguko umejaa watu wanaoshangilia wageni, na hao ndio wateja wangu. Wakishinda wao, wananunua. Tukishinda sisi, wanaondoka kimya na mayai yangu yanabaki. Mwenzangu mmoja wa Kibosho, anayeuza mtori wa ndizi mshare na nyama, mtori mzito wa kukaa tumboni, aliwahi kuniuliza wazi: leo unaomba nani ashinde? Nikamwambia Polisi. Akaniuliza, na ndoo je? Nikamwambia ndoo tutaiongelea kesho. Na nilimaanisha. Mtu akiniambia kwamba umaskini unamfanya mtu asiwe na timu, namkatalia. Ni sawa na kusema maskini hana kijiji.

Msimu wa 2022/23 ulikuwa mrefu kwetu. Pointi zilikuwa haziji. Ukitaka kujua timu inashuka daraja, usisubiri msimamo wa ligi utangazwe, angalia wauzaji. Wa kwanza kuondoka ni wale wa mishikaki, kwa sababu nyama haisubiri mechi ijayo. Kisha wa mihogo. Anayebaki mwisho ni wa karanga, maana karanga hazina haraka. Polisi Tanzania na Ruvu Shooting zikashuka, na 2023/24 tukaanzia Championship, ligi iliyo chini ya Ligi Kuu.

Huko nako timu ni 16, kwa hiyo mechi za nyumbani hazikupungua hata moja. Watu ndio walipungua. Kamera hazikuja kama zamani, Simba na Yanga hawakuja kabisa, na shabiki aliyekuwa anatoka Rombo kwa ajili ya mechi kubwa akabaki Rombo. Kushuka daraja kunaandikwa kwenye magazeti kwa mstari mmoja wa pointi na mabao. Huku chini kunateremka ngazi kwa ngazi: mama mfugaji wa Masama niliyekuwa nachukua mayai kwake naye anapunguza kuku, kijana wa bodaboda anayewatoa mashabiki stendi hadi langoni anakosa abiria wa jioni, binti aliyekuwa anamenya machungwa pembeni yangu anahamia mjini kutafuta kazi za ndani. Wote hao walikuwa watu wa timu, ingawa jina la hata mmoja wao halikuwahi kuwa kwenye orodha yoyote ya klabu.

Mimi sikuacha kwenda. Timu ikiwa chini ndipo inapohitaji anayeijua. Kwenye mechi ya Championship siku ya Jumatano watazamaji unaweza kuwataja kwa majina, na wachezaji nao wanakujua. Kijana wa benchi anapita baada ya mazoezi, anasema, "Shikamoo mama, leo sina hela, nitakulipa mshahara ukitoka." Namwambia marahaba mwanangu, kula. Wanalipa. Siku hizi kuna Lipa Namba, wengine wananitumia wakiwa tayari kwenye basi la kurudi kambini.

Na muuzaji wa uwanjani hana uwanja mmoja tu. Desemba Wachaga wanaporudi nyumbani, kila kijiji kina ndondo yake, zawadi ni mbuzi au ng'ombe, na kiwanja cha shule ya msingi kinakuwa na watu kuliko siku ya uchaguzi. Hapo mwenye mayai anauza asubuhi mpaka jioni. Tena watu wa Desemba wanatoka mijini na hela mkononi, na wana hamu ya vyakula vya nyumbani, hivyo yule wa mtori anamaliza sufuria mbili. Na mwishoni mwa Februari au mwanzo wa Machi kuna Kilimanjaro Marathon, iliyoanza mwaka 2003, mbio za kilomita 42 na nyingine fupi, zinazoanzia na kuishia pale pale Ushirika. Wakimbiaji hawataki pilipili. Wanataka ndizi mbivu, maji, na chai ya maziwa. Unabadilisha bidhaa kwa mteja, ndiyo kazi.

Sasa nije kwenye lile lililonifanya nikubali kuzungumza leo. Desemba 2018 Rais Magufuli alitoa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo, shilingi 20,000 kwa mwaka, na tukavivaa shingoni kwa fahari kwa sababu vilituondolea kukimbizana na mgambo. Lakini lango la uwanja lina sheria zake. Kuna uwanja mmoja, sitautaja wala mkoa wake, ambako mlinzi aliipindua sufuria ya mtori ya mwenzangu mchangani kwa kuwa alisimama upande usiotakiwa. Hakumwonyesha upande unaotakiwa. Mtori ule ulikuwa mtaji wa juma zima. Tulichanga, akaanza upya, lakini mtu hapaswi kuanza upya kwa sababu ya mstari ambao haujachorwa popote.

Na mstari huo unakuja kuwa mkubwa zaidi. Mwaka 2027 Tanzania, Kenya na Uganda zimepangiwa kuandaa AFCON, na Arusha unajengwa uwanja wa watu wapatao 30,000, ule uliopewa jina la Rais Samia. Kutoka hapa Boma ni mwendo wa Coaster tu. Furaha yangu haina kipimo. Sikutegemea katika maisha yangu kwamba Kombe la Afrika litachezwa mahali ninapoweza kufika na ndoo na kurudi kulala kwangu. Ila najua pia jinsi mashindano makubwa yanavyoendeshwa. Afrika Kusini 2010, wakati wa Kombe la Dunia, wauzaji wadogo waliokuwa wamezunguka viwanja kwa miaka waliondolewa, maeneo ya karibu yakawekwa mipaka kwa ajili ya wadhamini, na wengi wao mechi walizisikia kwa mbali. Brazil nako ilitaka kuwa hivyo. Pale Salvador kuna wanawake wanaouza akaraje, bagia za kunde zinazokaangwa kwa mafuta ya mawese, chakula ambacho mababu zao walikibeba kutoka Afrika Magharibi wakiwa watumwa. Uwanja wa Fonte Nova ulipojengwa upya waliambiwa hawatauza. Wakajipanga kwa chama chao, wakakusanya saini, wakaandamana na nguo zao nyeupe na vilemba. Mwaka 2013 kwenye Kombe la Mabara wakapewa nafasi, na 2014 kwenye Kombe la Dunia wakauza.

Wao walikuwa na chama. Sisi hatukuwa nacho, na hilo kwa mtu wa Kilimanjaro ni jambo la kujiuliza. Huu ni mkoa ambao wakulima wa kahawa walijiunga mwaka 1925, wakawa na chama chao kikuu cha ushirika, KNCU, mwaka 1933, na Moshi ikapata Chuo cha Ushirika mwaka 1963. Uwanja wenyewe ninaouzia ni wa chuo hicho, ambacho sasa ni Chuo Kikuu cha Ushirika. Tulikuwa tunauza mayai juu ya ardhi ya ushirika na kila mmoja wetu amesimama peke yake. Halmashauri zina ile asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa ajili ya mikopo, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu, lakini kwa kawaida inatolewa kwa vikundi. Mama kama mimi asiye na kikundi haguswi. Kwa hiyo mwaka huu tumeanza: wauza mayai, mihogo, karanga, kahawa, mtori na matunda, kutoka Boma, Kwa Sadala, Machame na Moshi mjini. Tuna daftari, tuna mweka hazina, na kila mmoja anapimwa afya kama sheria ya vyakula inavyotaka, kwa sababu hatuombi kuonewa huruma, tunaomba kazi.

Wanaosimamia uwanja wa Arusha na maandalizi ya AFCON, tunachotaka kinaandikika kwenye karatasi moja. Eneo la wauzaji wadogo lichorwe kwenye ramani sasa, ndani ya uzio, kabla ya kuja wenye mikataba. Kuwe na bomba la maji, choo, na pa kutupa maganda. Ada itajwe kwa shilingi na kubandikwa ukutani, ili mlinzi asiwe ndiye anayeipanga. Na katika kila mechi sehemu fulani ya vibali iende kwa vikundi vya Arusha na Kilimanjaro, mgeni wa Senegali au Moroko aonje mtori na yai la Boma lenye kachumbari, badala ya kula kitu ambacho angekipata uwanja wowote duniani.

Afisa biashara wa Wilaya ya Hai, kama unanisikiliza, orodha ya kikundi ipo tayari na saini zote zipo. Tunapatikana pale njiapanda ya Sanya Juu kila asubuhi. Siku ya mechi utanikuta Ushirika, upande wa mzunguko.